Vita Hujifunzwa: Je, Amani Tunaifundisha Wapi?

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma: Isaya 2:1-4, Mathayo 5:9, Mwanzo 26:17-22, Luka 19:1-10

Wazo kuu: Hakuna mtoto anayezaliwa akijua kuchukia. Hufundishwa. Kwa hiyo na amani lazima ifundishwe, na mwalimu wake lazima aanze na nafsi yake.

UTANGULIZI

Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, nilikuwa nimesimama nje nikisalimiana na watu. Watoto wa Sande skuli walikuwa wakicheza karibu na ile boti iliyovutwa nchi kavu. Mchezo wao ulikuwa wa wavuvi na mwizi wa nyavu. Wengine wanatega, mmoja anakuja usiku kuiba, halafu wote wanamfukuza na kumkamata. Mchezo mzuri, watoto wa ziwani watacheza nini kingine?

Nikamuuliza kijana mmoja wa kama miaka saba, "Mwizi mnamchaguaje?" Akanijibu bila hata kufikiri, "Pasta, mwizi huwa ni jamwa."

Jamwa. Mtu asiye wa kwetu. Na yule mtoto aliyekuwa akikimbizwa ni mtoto wa mama anayenunua omena hapa Luanda Kotieno, amepanga nyumba, ametoka mbali. Nikatazama raundi ya pili na ya tatu. Kila raundi mwizi ni yeye.

Wapendwa, sikuwahi kufundisha hilo. Mwalimu wa Sande skuli hakuwahi kufundisha hilo. Lakini watoto wamelijua vizuri kuliko mstari wa kukariri tuliowapa. Wamesomea shule gani?

1. VITA VINA SHULE YAKE

Fungua Isaya 2:4. Wengi tunaujua mstari huu kwa sababu ya panga na mikuki kufanywa vyombo vya shamba. Lakini soma mpaka mwisho. Nabii anaona siku ambayo mataifa hayatajifunza vita tena. Hajasema tu kwamba hayatapigana. Amesema hayatajifunza. Maana yake vita ni somo. Kuna wanaolifundisha, kuna wanaolisoma, na kuna siku ya mtihani.

Sisi Wakenya mtihani tuliuona. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa. Mamia ya maelfu walikimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokuwa wamejificha ndani ya kanisa walichomwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Kanisa lenyewe lilikuwa la Kenya Assemblies of God. Wapentekoste wenzetu. Watu wanaoimba kama sisi na kuomba kama sisi.

Hapa Kisumu maduka yaliporwa na kuchomwa, na watu wengi walikufa kwa risasi. Barabara zikafungwa. Mpaka Uganda na Rwanda walikosa mafuta ya magari.

Sasa jiulize, wale vijana waliobeba mawe na petroli walijifunza siku ile? Hapana. Siku ile walifanya mtihani tu. Masomo yalikuwa yameendelea miaka mingi: mezani wakati wa chakula, kwenye matatu, kwenye mabanda ya samaki, kwa mizaha ambayo kila mtu anacheka. "Hao watu ni wezi." "Hao watu usiwape binti." "Hao watu watuachie mji wetu." Mtoto yupo pale anakula ugali, wewe unadhani hasikii. Anasikia. Anaandika moyoni.

2. YESU HAKUSEMA HERI WAPENDA AMANI

Katika Mathayo 5:9 Bwana anawaita heri wapatanishi. Kupenda amani hakuna gharama. Hata mwizi wa nyavu anapenda amani, anaipenda sana usiku. Mpatanishi ni mtu wa kazi. Anatoka nyumbani kwake, anavuka, anasikiliza mambo asiyotaka kusikia, na mara nyingi anatukanwa na pande zote mbili.

Mungu ametupa watu wa namna hiyo katika Kenya hii hii. Hebu niwaonyeshe.

(a) Wanawake wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaskazini mwa nchi kulikuwa na ukame, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991 na bunduki zilikuwa nyingi. Koo zikapigana. Vita vikaingia mpaka sokoni, mama wa ukoo huu hamuuzii mama wa ukoo ule. Wanawake wachache wa koo tofauti wakakutana na kusema, tuanze na soko. Wakakubaliana kwamba sokoni kila mwanamke atauza na kununua kwa yeyote bila kuulizwa ukoo. Hawakuliacha liwe neno tu. Waliweka kamati ya kuangalia soko, kukitokea shida inashughulikiwa siku hiyo hiyo. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakaenda kwa vijana na kwa serikali. Septemba 1993 wazee wa koo wakaafikiana, mapatano yanayojulikana kama Azimio la Al Fatah. Mmoja wa wanawake hao, Dekha Ibrahim Abdi, alizunguka nchi nyingi akifundisha watu kupatanisha. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na mwaka uliofuata, Kenya ilipowaka, alikuwa miongoni mwa waliokimbia kuuzima moto. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Dada huyu alikuwa Mwislamu. Mpendwa, usishtuke. Bwana wetu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimleta Msamaria.

(b) Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki, Eldoret. Mwaka 2008 maelfu ya watu walikimbilia kwenye uwanja wa kanisa lake kuu, akawapokea. Lakini kazi kubwa ilikuja baada ya moto. Hakuanza na mkutano mkubwa wa hadhara wenye kamera na wageni wa heshima. Alianza na vikundi vidogo. Kila jamii kwanza inakaa peke yake, inatoa uchungu wake wote. Halafu wachache wanakutana na wachache wa upande wa pili. Halafu wengi zaidi. Wakishazungumza, wanachagua kazi moja ambayo pande zote mbili zinaihitaji: barabara, josho la ng'ombe, shule. Wanaijenga pamoja. Ng'ombe wa huyu na wa yule wanaoshwa kwenye josho moja, na huwezi kulibomoa josho la jirani bila kulibomoa la kwako. Hayo aliyaweka kwenye kitabu alichokiita Amani Mashinani. Alilala mwaka 2017, lakini njia yake bado inafundishwa.

(c) Walimu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianzisha somo la amani. Watoto walikuwa na kipindi chake darasani kama vile hesabu ina kipindi chake. Walifundishwa kusikiliza mpaka mwenzako amalize, kutofautisha nililoliona na ninalolidhani, na kutuliza hasira kabla ya kujibu. Wakubwa nao walikuwa na warsha zao. Na waliofundisha walikuwa wakimbizi wenyewe, watu waliokimbia vita. Baada ya mambo ya 2008, Wizara yetu ya Elimu ikaanza mpango wa elimu ya amani katika shule za Kenya, na mwaka 2014 ikatoa sera yake. Leo katika mtaala wa umilisi, amani imeandikwa miongoni mwa maadili ambayo kila mtoto anapaswa kujifunza.

Ona jambo moja linalowaunganisha hawa wote. Hakuna aliyengoja moto uzimike wenyewe. Na hakuna aliyeishia kusema "tuombee amani." Tuombe, ndiyo, tena tufunge. Lakini walikuwa na ratiba, walikuwa na kamati, walikuwa na kipindi. Amani yao ilikuwa na siku na saa.

3. MWALIMU AANZE NA NAFSI YAKE

Hapa nilitaka kuruka, lakini Roho Mtakatifu hakuniruhusu. Pasta mkuu anajua habari hii. Nanyi mjue.

Siku zile za mwisho wa Desemba 2007 nilikuwa Kisumu, mwanafunzi wa sekondari niko likizo. Mtaani kwetu kulikuwa na baba mmoja wa jamii nyingine mwenye duka dogo: madaftari, kalamu, sare za shule. Alikuwa amenikopesha madaftari zaidi ya mara moja mama yangu alipokosa pesa. Hakuwahi kuja kudai nyumbani, alikuwa akingoja.

Duka lilipovunjwa nilikuwa kwenye umati. Sikuvunja mlango. Lakini uliposhavunjwa, niliingia. Nilitoka na katoni ya madaftari. Jioni duka lilichomwa.

Mama alipoiona ile katoni hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umenunua kwa pesa ya nani?" Sikujibu. Akaichukua akaiweka juu ya kabati na kusema, "Hiyo ina mwenyewe." Shule zilipofunguliwa nilihitaji madaftari sana. Alienda akakopa pesa, akaninunulia mengine. Ile katoni ilibaki juu ya kabati, haikufunguliwa. Kila nikiamka, naiona.

Wapendwa, huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa amani. Hakusoma mtaala wowote. Hakunihubiria. Aliweka katoni mahali ninapoiona.

Miaka ilipita, nikaokoka, nikaenda chuo kikuu kusomea biashara. Kwenye uhasibu walitufundisha kwamba deni ambalo halijaandikwa kwenye vitabu bado ni deni. Siku hiyo darasani sikusikia kingine tena. Nikisoma Luka 19, Zakayo ananisumbua. Alipompokea Yesu hakusema, "Bwana, tusahau yaliyopita." Alisema atarudisha, tena mara nne. Wokovu uliingia nyumbani mwake ukapita moja kwa moja mpaka kwenye mkoba wake.

Ilinichukua muda kumpata yule baba. Hakurudi Kisumu. Nilipata namba yake kwa jirani wa zamani, nikapiga, nikajitambulisha kwa jina la mama. Alimkumbuka. Nikamwambia kila kitu. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza kama bado nakumbuka ilikuwa katoni ya madaftari ya aina gani. Nikamwambia. Akataja bei. Nilituma pesa siku ile ile kwa M-Pesa, na nikaongeza. Alinipigia akasema, "Nimepokea. Hizi ni za madaftari. Duka ni hesabu nyingine."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nilitaka aseme "nimekusamehe, tumemaliza," ili nije niwape ushuhuda mzuri wenye mwisho mtamu. Hakusema. Na ana haki. Duka lile halikuwa madaftari tu. Lilikuwa karo ya watoto wake na miaka yake. Mimi si niliyelichoma, lakini nilikuwa mmoja wa waliosimama pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Huyu mzee tunamjua."

Kwa hiyo tukifundisha amani, tusiwadanganye watoto kwamba "pole" inafuta kila kitu. Amani ya kweli inahesabu hasara. Ndiyo maana ni rahisi kufundisha mapema kuliko kulipa baadaye.

4. VISIMA VYA ISAKA NA ZIWA LETU

Mtu atasema, Pasta, mambo ya uchaguzi ni ya huko mjini, sisi ni watu wa samaki. Haya, twende Mwanzo 26. Watumishi wa Isaka walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakasema maji ni yetu. Kikachimbwa cha pili, ugomvi tena. Isaka akasogea, akachimba cha tatu, hawakugombana, akakiita Rehobothi, maana Bwana amewafanyia nafasi. Ugomvi haukuanzia kwenye ukabila wala siasa. Ulianzia kwenye maji, kwa watu wanaotafuta riziki.

Sisi je? Nyavu zikipotea usiku, asubuhi jina la mwizi linajulikana kabla ya uchunguzi, naye ni wa ng'ambo au ni mgeni. Samaki wakipungua, kosa ni la wageni. Kule Migingo, mwamba mdogo kabisa ndani ya ziwa hili, Kenya na Uganda zimevutana kwa miaka, na wavuvi ndio wanaoumia katikati. Wanasiasa hawaleti kuni. Wanakuja na kiberiti tu. Kuni wanazikuta tumeshazipanga wenyewe hapa ufuoni.

Tena tupige hesabu kidogo. Feri inavuka kwenda Mbita na kurudi, na tunashukuru kwa sababu bila hiyo ni kuzunguka Kisumu na Homa Bay. Feri ikienda bila kurudi ingekuwa na faida gani? Na omena yetu inaliwa na nani? Ikikauka hapa inapakiwa kwenye malori kwenda Nairobi na kwingineko, kwa watu wasiojua hata neno moja la Kijaluo. Huyo jamwa tunayemcheka ndiye anayetulipia karo. Barabara ikifungwa wiki mbili, mama, omena yako utamuuzia nani?

5. TUFANYE NINI?

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Darasa la vita halijafungwa, na sisi tusingoje mwezi wa saba ndipo tuanze kuhubiri amani. Kwa hiyo kuanzia wiki hii:

Kwanza, nyumbani. Wazazi, chunguzeni neno mnalotumia mkiwataja watu wa makabila mengine mtoto akiwa karibu. Kama usingelisema mbele ya mwenyewe, usiliseme mbele ya mtoto.

Pili, Sande skuli. Walimu wetu wamekubali kutenga robo saa kila Jumapili kwa zoezi moja: kusikiliza, kuomba msamaha, kugawana, kuuliza kabla ya kushtaki. Lina saa yake na lina mwalimu wake. Na mchezo wa mwizi wa nyavu tutaucheza pamoja nao, kwa zamu. Mwizi wa kwanza nitakuwa mimi.

Tatu, ufuoni. Ndugu mlio kwenye kamati ya BMU, nyavu zikipotea, taja nyavu, taja saa, taja mahali. Usitaje kabila. Mtu akithibitika, ataitwa kwa jina lake.

Nne, kila mmoja na katoni yake. Huenda kuna kitu cha mtu kwako, au neno ulilomtupia. Usiniletee mimi ushuhuda kabla hujampelekea yeye.

Nimalizie na yule mama. Nilienda kumwona nyumbani wiki iliyofuata, nikamwomba radhi kwa niaba ya kanisa. Akanikaribisha chai. Akasema, "Pasta, mimi nimeshazoea. Lakini mtoto ameanza kuniuliza, jamwa ni nini?"

Alikuwa hajamjibu. Wapendwa, jibu la swali hilo mtoto atalipata kwetu, apende asipende. Tuamue leo litakuwa lipi.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Taja sentensi moja kuhusu jamii nyingine uliyoisikia ukiwa mtoto na bado inakurudia. Ni nani aliyekufundisha?
2. Kwa nini wanawake wa Wajir walianza na soko? Hapa kwetu "soko" hilo ni wapi?
3. Zakayo alirudisha mara nne. Kuna tofauti gani kati ya kuomba msamaha na kurudisha?
4. Katika eneo la seli yenu, ni kazi gani moja mnayoweza kufanya pamoja na majirani wasio wa kabila lenu wala kanisa letu?

OMBI

Baba, tusamehe kwa yale tuliyowafundisha watoto wetu bila kujua, na yale tuliyowafundisha tukijua. Tupe ujasiri wa kurudisha cha mtu. Walinde wanaokwenda majini usiku huu, wa kwetu na wa ng'ambo. Utufanye wapatanishi, tuitwe wana wako. Katika jina la Yesu. Amina.